Nani anaimiliki chati? Kifungashio, kanvasi na bei ya korosho kwenye simu

Mfumo wa kuonyesha bei za minada ya korosho unaweza kuwa na jedwali sahihi na grafu ya uongo kwenye ukurasa mmoja. Jedwali linasoma bei za mnada wa wiki hii, grafu iliyo juu yake imeng'ang'ania za wiki iliyopita, na data iliyolishwa kote kuwili ni ileile. Hakuna onyo jekundu, hakuna ukurasa uliokwama. Mkulima wa Tandahimba anayefungua ukurasa huo kabla ya kwenda kwenye mkutano wa kukubali au kukataa bei angekuwa salama zaidi kama grafu isingekuwepo kabisa.

Mara nyingi chanzo cha tatizo ni kipande kidogo cha msimbo ambacho wengi wetu tunaotengeneza mifumo huku Mtwara na Lindi tunakisakinisha bila kukifungua ndani. Nitakiita kifungashio: komponenti inayoifunika maktaba ya kuchora chati ili iweze kuishi ndani ya kiunzi, yaani mfumo wa kujengea kurasa, kama React, Vue au Angular. Kwa Chart.js, mojawapo ya maktaba hizo za kuchora, kuna react-chartjs-2, vue-chartjs na ng2-charts. Maelezo yake yote huanza kwa namna moja: sakinisha, andika mistari michache, grafu imetokea. Na kweli inatokea. Ugumu unaanza pale data inapobadilika, ukurasa unapofungwa, au mtu anapoigusa grafu kwa kidole gumba kwenye kioo chenye upana wa pikseli 360.

Tuanze na data yenyewe, maana sura yake ndiyo itakayoamua mengi huko mbele. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika kwenye korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/08. Mkulima anapeleka korosho ghafi AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, zinapimwa na kutengwa kwa madaraja, zinapelekwa ghala kuu, na chama kikuu kinaziuza mnadani: MAMCU kwa upande wa Masasi na Mtwara, TANECU kwa Tandahimba na Newala, RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na Lindi Mwambao kwa ukanda wa pwani ya Lindi. Tangu msimu wa 2024/25 minada inafanyika kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Kila mnada unaacha nyuma yake tarehe, chama kikuu, tani zilizouzwa, bei ya juu na bei ya chini.

Ukimtajia mtu kwamba mwishoni mwa 2018 Serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na kwamba minada ya kwanza ya Oktoba 2024 ilivuka shilingi 4,000, umempa namba mbili tu. Anachotaka kujua ni mwendo. Bei inapanda au inashuka kutoka mnada hadi mnada? Majirani zetu wa RUNALI walipata ngapi wiki ileile? Pengo kati ya bei ya juu na ya chini linapanuka? Hayo jicho linayaona kwa grafu haraka kuliko kwa jedwali, na yakihitaji undani, mtu aguse nukta aone tarehe, bei na tani.

Tabia mbili zisizofanana

Mwaka 2013 zilitolewa kwa umma kazi mbili ambazo leo tunazilazimisha kukaa nyumba moja: React kutoka Facebook, na Chart.js ya Nick Downie. Umri wao ni mmoja, tabia zao mbalimbali.

React inataka uieleze hali. Unasema: kwa data hii, ukurasa uwe hivi. Data ikibadilika unasema tena ukurasa mzima uwe vipi, nayo inalinganisha maelezo ya zamani na mapya, kisha inabadilisha kwenye kivinjari zile sehemu tu zilizotofautiana. Huiambii ifute nini wala iongeze nini.

Chart.js inafanya kazi kwa amri. Unaipa kanvasi, unaiambia itengeneze chati, inatengeneza na kuishika kwenye kumbukumbu yake yenyewe: mizani, rangi, mahali ilipo kila nukta, mwendo unaoendelea. Ukitaka ibadilike, unaigusa data iliyo ndani ya chati hiyo kisha unaita amri ya `update`. Ukimaliza, unaita `destroy`. Bila amri, haifanyi kitu.

Kanvasi nayo ina tabia inayozidisha umbali huo. Ni kitu kilicholetwa na Apple mwaka 2004, na kazi yake ni kuwa eneo la kupaka rangi tu. Ukishachora mstari juu yake, kivinjari hakijui kwamba kuna mstari, kinaona pikseli. Kwa hiyo React ikikagua ukurasa ili ijue kilichobadilika, hapo penye grafu inaona kisanduku kimoja kitupu ambacho hakina cha kulinganisha. Grafu inaweza kuwa ya wiki iliyopita, ya mwaka jana, au isiwepo kabisa. Kwa React mambo ni shwari.

Kifungashio ndicho kinachoziba ufa huo, na kazi yake inafanana na ya karani wa AMCOS. Mwenyekiti hamwambii karani afungue daftari ukurasa upi, akate mstari upi, agonge muhuri wapi. Anamwambia hesabu ya leo iwe hivi. Karani ndiye anayejua lipi lifutwe, lipi liandikwe upya, na daftari lifungwe lini. Kifungashio kinapokea hali kutoka React na kuigeuza kuwa amri kwa Chart.js. Hakichori hata nukta moja. Kinasimamia mambo matatu tu: chati inazaliwa, inabadilika, inakufa. Karibu kila kasoro utakayokutana nayo inaangukia kwenye mojawapo ya hayo, na la kati ndilo lenye mengi.

Kuzaliwa nitapita haraka. Chati haiwezi kutengenezwa kabla kanvasi haijawepo kwenye ukurasa, kwa hiyo kifungashio kinasubiri kiunzi kiweke kanvasi ndipo kiite Chart.js. Hapa ndipo wanaotumia Next.js, kiunzi kilichojengwa juu ya React, wanapokwama: sehemu ya ukurasa inatengenezwa kwenye seva, na kwenye seva hakuna kanvasi wala dirisha la kivinjari. Komponenti ya grafu lazima itangazwe kuwa ni ya upande wa kivinjari. Faida yake ni kwamba kichwa cha ukurasa na jedwali vinaweza kufika vikiwa tayari kutoka kwenye seva, na grafu ikafuata baadaye. Kwa mtu aliyeko Liwale mtandao ukiwa unasuasua, mpangilio huo ni mzuri: bei anaisoma kwanza, picha inakuja ikipata nafasi.

Data imebadilika, kifungashio hakijui

Turudi kwenye grafu iliyogoma. Bei mpya imefika kutoka kwenye seva, mtengeneza mfumo ameisukuma mwisho wa safu ya bei za zamani, akaiambia React ichore tena. Jedwali likabadilika. Grafu haikubadilika.

Sababu ni namna kifungashio kinavyotambua mabadiliko. Hakipiti bei moja baada ya nyingine kuuliza ipi ni mpya. Kwa mifululizo mirefu hilo lingegharimu muda kila mara. Kinauliza swali jepesi zaidi: safu niliyopewa sasa ni ileile niliyopewa mara iliyopita? Maana ya ileile hapa ni safu iliyokaa mahali palepale kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Ukiongeza bei ndani ya safu ya zamani, safu imenenepa lakini haijahama. Kifungashio kinajibiwa ndiyo, ni ileile, kinapumzika. Jedwali linapona kwa sababu React inalipitia upya mstari kwa mstari kila inapochora, lakini grafu inategemea jibu la swali lile moja.

Dawa ni kutengeneza safu mpya kila data inapobadilika, yenye bei za zamani pamoja na ile mpya. Hili linajulikana kwa wengi. Lisilojulikana sana ni kwamba react-chartjs-2 haikitazami kifurushi cha data kwa jumla yake; inazitazama orodha ya lebo (maandishi ya mhimili wa chini) na orodha ya mifululizo (bei za kila chama), kila moja peke yake. Ukitengeneza kifurushi kipya cha nje halafu ukaweka ndani yake orodha zilezile za zamani, umebadilisha gunia na kuacha alama ya mzigo ilivyo, na kifungashio hakitashtuka.

Upande wa pili wa swali hilohilo unaleta usumbufu tofauti. Mipangilio ya grafu, yaani rangi za mihimili, vidokezo (visanduku vya maelezo vinavyotokea nukta ikiguswa), mwendo, mara nyingi huandikwa palepale ndani ya komponenti. Kila React inapochora, kifurushi cha mipangilio kinatengenezwa upya hata kama hakuna herufi iliyobadilika. Kifungashio kinauliza swali lake, kinajibiwa hapana, hiki ni kipya, kinaiamuru Chart.js ihuishe chati nzima. Ukiwa na kisanduku cha kutafutia jina la ghala kwenye komponenti hiyohiyo, kila herufi anayochapa mtumiaji inaihuisha grafu. Kwenye kompyuta ya ofisini hutaona. Kwenye simu ya bei nafuu utaona kibodi inabaki nyuma ya kidole. Itoe mipangilio nje ya komponenti, au ihifadhi kwa `useMemo`, njia ya React ya kuzuia kitu kisitengenezwe upya bila sababu, nayo itatulia.

Baada ya kifungashio kukubali kwamba mifululizo ni mipya, kina kazi ya kuoanisha: mfululizo huu mpya ni mwendelezo wa upi wa zamani? Kwa kawaida react-chartjs-2 inaoanisha kwa `label`, lile jina linaloonekana kwenye ufunguo wa grafu. Mfululizo wenye jina MAMCU unaunganishwa na uliokuwa na jina MAMCU, mstari wake unanyooka taratibu kutoka bei ya zamani kwenda mpya, na mtazamaji anaona kilichohama. Sasa fikiria mtu ameandika jina kuwa "MAMCU, hadi mnada wa 5". Wiki inayofuata jina ni "MAMCU, hadi mnada wa 6". Kwa kifungashio huyo ni mgeni. Mstari wa zamani unaondolewa, mwingine unaanza kuchorwa upya, na mtazamaji anadhani kila kitu kimebadilika wakati imeongezeka nukta moja. Mifululizo isiyo na jina kabisa hali yake ni mbaya zaidi, kwa kuwa yote inafanana machoni pa kifungashio. Kuna sifa ya `datasetIdKey` inayokuruhusu kutaja kitambulisho kingine, na ushauri wangu ni kuitumia tangu siku ya kwanza: kila chama kikuu kiwe na kitambulisho kisichobadilika, na jina la kuonyesha libaki huru kuandikwa upendavyo.

Kuoanisha huko kuna mtego mmoja zaidi. Mfululizo ukishaunganishwa na wa zamani, sifa mpya zinaandikwa juu ya zile za zamani, lakini sifa ya zamani ambayo haikutajwa tena haifutwi. Tuseme kwenye korosho mstari wa TANECU umechorwa kwa vitone kwa sababu bei ya mnada wa mwisho haijathibitishwa. Mtumiaji anachagua ufuta kwenye menyu, na data ya ufuta haikusema lolote kuhusu vitone. Mstari wa TANECU unabaki na vitone, na grafu inasema bei ya ufuta haijathibitishwa, jambo ambalo hakuna aliyelisema. Kwa hiyo kila sifa unayoitumia hata mara moja, itaje kila mara, hata thamani yake ikiwa ya kawaida. Inachosha kuandika, lakini ndiyo inayolinda ukweli wa picha.

Wanaotumia Vue wana tatizo lao. Vue inafunika data yako kwa tabaka la kuchungulia ili ijue kila inapoguswa. Ukiihifadhi chati yenyewe ya Chart.js ndani ya data ya aina hiyo, Vue itajaribu kuchungulia kila kilichomo, nacho ni kitu kikubwa chenye sehemu zinazorejeleana. Matokeo yake huwa ni programu kujizungusha mpaka kivinjari kilalamike. Kifungashio cha vue-chartjs kimeliona hilo na kinaishika chati kwa `shallowRef`, ambayo inachungulia juu tu bila kuingia ndani. Anayejiandikia kifungashio chake mwenyewe ndiye anayepaswa kulikumbuka.

Kufa kwa chati kunasahaulika kwa sababu hakuna anayekuona. Kwenye tovuti za zamani, mtu akihamia ukurasa mwingine kivinjari kilifuta kila kitu. Mfumo wa leo hauhami kweli; unabadilisha vipande vya ukurasa uleule. Chart.js imeweka walinzi wa matukio ya kidole na mwangalizi wa ukubwa wa kisanduku, na hao wanaendelea kuwepo mpaka `destroy` iitwe. Kifungashio kizuri kinaiita chenyewe komponenti inapoondolewa. Cha kujiandikia, kikisahau, kinaacha chati isiyoonekana kila mtumiaji anapotoka kwenye grafu ya Masasi kwenda ya Newala. Ukijaribu kuchora juu ya kanvasi ileile, Chart.js inakataa na kukuambia kanvasi inatumika na chati ya awali iharibiwe kwanza. React 18, iliyotoka 2022, ikiwa kwenye hali kali (Strict Mode) wakati wa kutengeneza, inaiweka komponenti, inaiondoa, na kuiweka tena kwa makusudi, ili uzembe wa aina hiyo ujitokeze mapema. Nimeona ushauri unaosambazwa kwamba uzime hali kali ili ujumbe upotee. Naupinga kabisa. Ujumbe huo unasema kweli, na kuuzima ni kuhamishia tatizo kwenye simu ya mkulima.

Kidole, pengo na sifuri

Chati ikishaishi na kufa vizuri, inabaki kuifanya imjibu mtu. Mipangilio ya kawaida ya Chart.js inafikiria kipanya: kidokezo kinatokea pale kielekezi kinapokuwa juu ya nukta yenyewe, na nukta ya kawaida ina nusu kipenyo cha pikseli 3. Kidole gumba kinafunika eneo kubwa kuliko hilo mara kadhaa. Mtu atagusa, hatapata kitu, ataamini kwamba grafu ni picha tu. Weka `mode` kuwa `index` na `intersect` kuwa `false`: mguso popote kwenye wima wa mnada fulani unaonyesha bei za vyama vyote kwa mnada huo. Mabadiliko hayo mawili yanaifaa grafu ya simu kuliko rangi zote utakazochagua.

Urefu nao unasumbua. Kwa kawaida grafu ya mistari inakuwa na upana mara mbili ya kimo, kwa hiyo kwenye simu yenye pikseli 360 kimo ni kama 180, na mistari minne ya vyama vikuu inabanana mpaka haitofautishiki. Zima `maintainAspectRatio`, inayoshikilia uwiano huo, lakini hapo hapo kipe kisanduku kinachoizunguka kanvasi kimo kinachojulikana, na ndani yake usiweke kitu kingine. Grafu inachukua ukubwa wake kutoka kwenye kisanduku hicho. Kikiwa hakina kimo chake, kila kimoja kinamsubiri mwenzake aamue.

Wiki ambayo mnada haukufanyika, au wakulima waliikataa bei na mzigo ukabaki ghalani, uandikweje? Ukiandika sifuri, grafu inasema korosho ziliuzwa bure. Ukiiruka wiki hiyo kabisa kwenye orodha ya lebo, minada miwili iliyoachana kwa wiki mbili inaonekana imefuatana. Andika `null`. Chart.js itaacha pengo kwenye mstari, na pengo hilo ni habari: hapa hapakuwa na mauzo. Kuna mpangilio wa `spanGaps` unaounganisha mstari juu ya pengo, na kwa bei za mnada siupendekezi, maana mstari uliounganishwa unadai bei ilikuwepo katikati. Ukitaka umbali wa tarehe uheshimiwe sawasawa, tumia mhimili wa muda. Utahitaji kuongeza kiunganishi cha tarehe, kwa kuwa Chart.js haiji nacho.

Kuhusu sifuri kuna jambo ambalo nadhani kila anayeonyesha bei kwa umma anapaswa kulijua. Kwenye Chart.js grafu ya nguzo huanzia sifuri bila kuambiwa. Grafu ya mistari huanzia karibu na thamani ndogo iliyopo. Kwa hiyo ukibadilisha komponenti ya `Line` kuwa `Bar` kwa kutaka mwonekano tu, umebadilisha na mizani. Tuseme bei ilishuka kutoka 4,100 hadi 3,900. Kwenye mistari, mhimili ukianzia 3,900, mstari unaporomoka mpaka sakafuni na mkutano unaweza kuchafuka. Kwenye nguzo, nguzo mbili zinakaribia kulingana na mtu anaweza kuambiwa hakuna kilichotokea. Ukweli ni kwamba kwa mwenye tani moja, tofauti hiyo ni shilingi 200,000 kabla ya makato. Hizo ni ada na sare za shule, na pia ni chini ya asilimia 5 ya bei. Mimi natumia nguzo kwa tani, ambapo urefu wa nguzo ndio wingi wenyewe, na mistari kwa bei, mhimili ukiwa umeandikwa wazi unaanzia wapi, na kidokezo kikitaja tofauti na mnada uliopita kwa shilingi. Uamuzi huo hauwezi kuachiwa mipangilio ya kawaida ya maktaba iliyoandikwa na watu ambao hawakuwahi kukaa kwenye mkutano wa mnada.

Bei ya juu na ya chini zinafaa kuonyeshwa kama ukanda wenye kivuli katikati. Chart.js inaweza kujaza nafasi kati ya mistari miwili kwa `fill`, lakini kwa sharti moja linalotuingiza kwenye suala la uzito wa msimbo.

Hadi toleo la 2 maktaba ilikuja ikiwa na kila kitu. Toleo la 3 la mwaka 2021 liliigawa vipande, ili mfumo ubebe vile tu unavyovitumia na vingine vikatwe wakati wa kufungasha msimbo. Kwa hiyo lazima usajili unachohitaji: mhimili wa namba, mhimili wa makundi, mstari, nukta, kidokezo, ufunguo. Ukisahau mhimili wa makundi, chati inakataa kuzaliwa na kukutajia jina la kilichokosekana. Ukisahau kijazio, kile kipande kinachoifanyia kazi `fill`, chati inazaliwa vizuri bila kivuli, na onyo linaandikwa kwenye konsoli ya kivinjari ambako mtumiaji hafiki. Kuna njia ya kuita `chart.js/auto` inayosajili kila kitu kwa mkupuo, na ni rahisi, lakini inamfanya mtu wa Nanyumbu alipie kwa bando lake grafu za rada na za duara ambazo mfumo wako hauzionyeshi. Sajili kwa mkono.

Uzito unahusu pia uchaguzi wa maktaba. Zinazochora kwa SVG, yaani michoro inayoelezwa kwa maandishi badala ya pikseli, kama Recharts, zinaweka kila nukta kuwa kitu halisi kwenye ukurasa, kwa hiyo kiunzi kinaweza kuzigusa moja moja na ule ufa wa kanvasi unapungua sana. Kwa minada ya msimu mmoja zinatosha kabisa. Ukianza kuonyesha vipimo vya uzito vya kila AMCOS vya kila siku, nukta zikawa maelfu, kanvasi inabeba kwa wepesi zaidi. Highcharts, ya Norway, ni nzuri, ila matumizi ya kibiashara yanahitaji leseni ya kulipia, Chart.js na ECharts ni huria.

Kwa kuwa kanvasi ni pikseli, programu inayowasomea wasioona skrini haikuti chochote ndani yake. Chart.js inaruhusu kuweka maandishi ndani ya kanvasi yatakayosomwa badala ya picha. Kwenye react-chartjs-2 sifa yake inaitwa `fallbackContent`. Hapo weka sentensi inayobadilika pamoja na data, yenye chama, tarehe, bei ya juu na ya chini. Jedwali la chini libaki, lisifichwe nyuma ya kitufe. Namba nazo ziandikwe kwa utaratibu wetu: mpangilio wa `locale` ukiwekwa `sw-TZ`, vidokezo na mihimili vitatenganisha maelfu kwa koma, kama mtu alivyozoea kuona kwenye stakabadhi yake.

La mwisho ni mahali pa kuweka haya yote. Usitawanye komponenti za react-chartjs-2 kwenye kila ukurasa wa mfumo. Tengeneza komponenti moja ya kwako, iite `GrafuYaBei`, inayopokea orodha ya minada na jina la zao basi. Ndani yake ndimo mtasajiliwa vipande, mtawekwa vitambulisho vya vyama, `null` za wiki zisizo na mnada, na uamuzi wa sifuri. Kurasa nyingine zisijue hata kama Chart.js ipo. Toleo la 3 lilipotoka, namna ya kuandika mihimili ilibadilika: orodha za `xAxes` na `yAxes` ziliondolewa, zikaja `x` na `y` zinazotajwa moja kwa moja, na mifumo iliyokuwa imetawanya mipangilio ilirekebishwa ukurasa kwa ukurasa. Iliyokuwa na komponenti moja ilirekebishwa kwenye faili moja, na ndiyo iliyowahi msimu.